KIFARU KIDOGO CHA MUTSHATSHA

Katika nyumba moja ya Wakristo huko Mutshatsha, juu ya kabati la vyombo, si mbali na sanamu ya Bikira Maria, pamewekwa kifaru cha vita. Msishtuke, wapenzi wasomaji. Kifaru hicho hakifiki hata shibiri moja kwa urefu. Ni cha plastiki, na aliyekiunda ni kijana wa shule mwenye umri wa miaka 14.

Nyumba hiyo tuliitembelea mara mbili. Mara ya kwanza kifaru kilikuwa kimefichwa katika ghala la mahindi, maana mama mwenye nyumba alikuwa amekataa katakata kisivuke kizingiti chake. Mara ya pili tulikikuta kabatini. Jinsi kilivyotoka ghalani kikaingia nyumbani, hiyo ndiyo habari tunayotaka kuwasimulia. Twadhani wazazi wengi wamepata kuwa katika shauri kama lile: mtoto apenda silaha za kuchezea, nasi tumfanyeje?

SANDUKU KUUKUU

Mutshatsha ni makao makuu ya wilaya iitwayo kwa jina hilo hilo, katika jimbo la Lualaba, nchini Kongo. Mtu atokaye Kolwezi, mji wa shaba, husafiri kiasi cha kilomita 130 kuelekea magharibi hata kufika huko. Reli itokayo Tenke kwenda Dilolo, mpakani mwa Angola, yapita hapo. Ilikamilika mwaka 1931, na kwa njia hiyo shaba ya Katanga ilipata kufika bandari ya Lobito kwenye bahari ya Atlantiki.

Mjomba wa kijana wetu ni fundi wa mitambo katika machimbo ya Kolwezi. Mzungu mmoja aliyekuwa akirudi kwao alimwachia baadhi ya vitu vya nyumbani, na miongoni mwa vitu hivyo lilikuwamo sanduku la karatasi ngumu, lililoliwa na mende pembeni. Juu ya kifuniko palichorwa kifaru kikipanda kilima katikati ya moshi. Ndani mlikuwa na viunzi vya plastiki ya kijani, na katika kila kiunzi vipande vidogo vidogo vimeshikamana kama matunda kwenye kikonyo: magurudumu, milango, ndoana, taa, na mzinga uliogawanywa nusu mbili. Palikuwa pia na karatasi ya maelezo yenye picha na namba. Gundi haikuwamo, wala rangi. Vitu hivyo mnunuzi hujitafutia mwenyewe.

Vifaa vya namna hii vilienea Ulaya, Marekani na Japani baada ya Vita Kuu ya Pili. Mwaka 1949 kampuni ya Airfix, ya London, ilitengeneza mfano wake wa kwanza wa kuunganishwa, nao haukuwa wa silaha hata kidogo: ulikuwa wa trekta la Ferguson, la kulimia. Mwaka 1952 kampuni hiyo ikatoa merikebu ya kale, Golden Hind, iliyouzwa katika mfuko kwa bei ndogo ili hata mtoto aweze kuinunua kwa akiba yake. Huko Japani, katika mji wa Shizuoka, kampuni ya Tamiya ilikuwa imeanza kwa kupasua mbao na kuunda mifano ya mti. Baadaye iliacha mbao ikashika plastiki, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 ikatoa kifaru aina ya Panther chenye mota ndani yake. Ili mota na betri zipate nafasi ya kutosha, kifaru kilifanywa sehemu moja kwa 35 ya kile cha kweli. Kipimo hicho kilichotokana na ukubwa wa betri kimekuwa desturi, na mafundi wengi wa mifano wangali wakikifuata.

Kifaru cha kijana wetu ni cha aina ya Sherman. Viwanda vya Marekani viliunda karibu Sherman 50,000 kati ya mwaka 1942 na mwaka 1945. Kila kimoja kilikuwa na uzito wa tani 30 hivi, na watu watano walifanya kazi ndani yake. Urefu wa kifaru chenyewe ni karibu mita sita. Ukiugawa kwa 35 wapata sentimita 17. Hesabu hiyo kijana aliifanya kwa kipande cha mkaa ukutani mwa ghala, bila kusukumwa na mtu. Baba yake alituambia kwa kucheka kuwa ni mara ya kwanza kumwona akigawa namba kwa hiari.

MIKONO ILIYOZOEA WAYA

Wasomaji wetu wa Lualaba hawahitaji kuelezwa kwamba watoto wa huko ni mafundi. Tangu wangali wadogo huokota waya, wakaupinda kwa mawe na kwa meno, wakapata gari kamili lenye magurudumu na usukani mrefu wa kuliendesha huku wakikimbia nyuma yake. Kijana huyu alikuwa amekwisha kuunda malori matatu ya waya, na moja lilikuwa na kitanda cha kumwagia mchanga kama malori ya machimboni. Basi alipolipata sanduku la mjomba wake alidhani kazi ni ya siku moja.

Alikosea. Waya husamehe: ukiupinda vibaya, waunyosha. Plastiki haisamehi. Kipande cha kwanza alikivuta kwa nguvu kutoka kwenye kiunzi kama mtu avunjaye hindi shambani, nacho kikakatika vibaya. Ndipo alipojifunza kukata kwa wembe, mbali kidogo na kipande, kisha kusugua kidogo kidogo kwa msasa mpaka kovu lipotee. Alijifunza pia kuviosha vipande vyote kwa maji ya sabuni na kuvianika kivulini, kwa sababu plastiki itokayo kiwandani ina mafuta yaliyopakwa katika kalibu, na juu ya mafuta rangi haishiki.

Gundi ilikuwa taabu nyingine. Gundi ya karatasi haifai kitu, wala ulimbo wa miti. Gundi ya kweli ya plastiki hii haibandiki tu: huyeyusha kidogo nyuso mbili zinazokutana, zikaungana zikawa kitu kimoja, kama fundi wa chuma aunganishavyo vyuma kwa moto. Mjomba alijua kwamba asetoni, ile dawa ambayo wanawake hufutia rangi ya kucha, hufanya kazi kama hiyo, akamletea chupa moja kutoka Kolwezi. Twawaonya vijana wanaotusoma: asetoni huwaka upesi kuliko mafuta ya taa, na mvuke wake huumiza kichwa. Kijana huyu alifanya kazi nje, penye upepo, mbali na mbabula ya mama yake, na mtu mzima alikuwapo.

Chini ya Sherman, kila upande, kuna vikundi vitatu vya magurudumu, na kila kikundi kina magurudumu mawili. Mbele kuna gurudumu la meno livutalo mnyororo, na nyuma kuna jingine liukazao. Yote hayo sharti yakae katika mstari mmoja. Moja likiinuka kidogo tu, kifaru chote huchechemea. Kijana alikuwa na haraka. Alitia asetoni nyingi, na gurudumu la nne likalainika likakaa upande. Alipotaka kulinyosha, kidole chake kikazama katika ubavu wa kifaru kikaacha alama. Alilia, akataka kuvitupa vyote shimoni. Usiku ule hakula.

Babu yake ndiye aliyemrudisha. Mzee huyo alifanya kazi ya reli miaka mingi. Alimwambia: «Mjukuu wangu, treni ikitoka relini hatuitupi porini. Tunaita watu, tunaiinua.» Wakachukua vijiti vya viunzi vilivyokwisha kazi, wakavikatakata, wakaviloweka katika asetoni mpaka vikawa uji mzito, na kwa uji huo wakaziba shimo la kidole. Ulipokauka, baada ya siku mbili, wakausugua kwa msasa. Gurudumu walilikata wakaliweka upya. Ukitazama kwa makini waweza kuona bado kwamba pale palikuwa na jeraha.

Minyororo nayo ilileta mashaka. Ilikuwa ya mpira mlaini ilipotoka kiwandani, lakini kwa uzee ilikuwa imekakamaa. Kijana alipoupinda mmoja kuzungusha magurudumu, ukakatika vipande viwili. Hapo ujuzi wa magari ya waya ulimwokoa. Alifungua kipande cha waya wa umeme uliotupwa, akachomoa uzi mmoja mwembamba wa shaba, akaushona mnyororo kama watu washonavyo gunia. Ndivyo shaba ya nchi yake ilivyoingia katika kifaru cha Marekani.

Rangi aliipata kwa masalio. Alikuwa na rangi ya mafuta ya njano, iliyobaki baada ya kupaka milango, na rangi nyeusi kidogo. Wengi hawajui kwamba njano ikichanganywa na nyeusi haitoi rangi ya matope tu: hutoa kijani kizito cha kijeshi. Aliilegeza kwa tapentaini, akapaka mara tatu, nyembamba nyembamba, akingoja kila mara ikauke. Mwishoni alichovya brashi katika rangi ya fedha, akaifuta karibu yote katika kitambaa, kisha akapitisha brashi ile kavu juu ya pembe na misumari midogo ya chuma. Mara kila kilichoinuka kikang'aa kidogo, kama chuma kilichosuguliwa na matumizi. Kazi hiyo yote ilimchukua majuma saba.

MAMA AKATAA

Kijana alikibeba kifaru chake kwa mikono miwili, kama mtu abebaye yai, akataka kukiweka sebuleni. Mama yake akasimama mlangoni. «Silaha haiingii nyumbani mwangu,» alisema, «hata ikiwa ya sukari.»

Wasomaji wasimhukumu mama huyo kuwa mkali bure. Watu wa Mutshatsha wanajua wasemalo. Mwezi wa Machi mwaka 1977 wanajeshi wa zamani wa Katanga, waliokuwa wamekaa Angola miaka mingi, walivuka mpaka wakaingia katika nchi iliyoitwa Zaire wakati ule. Walifuata reli wakija mashariki, na kabla mwezi ule haujaisha Mutshatsha ikawa mikononi mwao. Mwezi wa Aprili askari wa Moroko waliletwa kwa ndege za Ufaransa kuisaidia serikali, na mwishoni mwa mwezi huo mji ukachukuliwa tena. Watu wengi wa sehemu zile walikimbilia Angola. Mwaka uliofuata, Mei 1978, vita vikarudi, na mara hiyo vikaifikia Kolwezi penyewe.

Mama mwenyewe alikuwa hajazaliwa. Lakini mama yake mzazi alikimbia na mtoto mchanga mgongoni, na mtoto yule hakurudi. Jina lake ndilo alilopewa huyu kijana muundaji wa kifaru. Basi twafahamu ni kitu gani mama alichokiona mlangoni mikononi mwa mwanawe.

Baba alinyamaza. Babu, ambaye mwaka 1977 alikuwa na miaka 13, alikiomba kifaru, akakigeuza huku na huku, akasema: «Umefanya kazi nzuri. Lakini hiki ni kisafi mno. Magari ya vita niliyoyaona mimi yalikuwa na vumbi la barabara hii hii. Na yalipopita, kijiji kilikuwa kimya, hata kuku hawakulia.»

Kijana hakujibu kitu. Kesho yake alichota vumbi la barabara, akalichekecha kwa kitambaa, akalichanganya na gundi kidogo na maji, akakipaka kifaru kuanzia minyororo hadi ubavuni. Sasa kilionekana kama kilichotoka safari ndefu. Lakini mama hakulegea, na kifaru kikaenda kulala ghalani. Hapo ndipo tulipofika sisi.

MTOTO WA TREKTA

Jioni ile tulikaa uani na familia nzima, na mazungumzo yakarudi kwenye kifaru. Mama alituuliza waziwazi: «Ninyi mwaandika magazetini. Semeni, kitu hiki kina faida gani?» Hatukutaka kumtetea mtoto mbele ya mama yake, wala kumtetea mama mbele ya mtoto. Tuliwasimulia tu habari tuzijuazo, nasi twazirudia hapa.

Kifaru ni mtoto wa trekta. Huko California, nchini Marekani, kulikuwa na mashamba yenye udongo mlaini sana, na mashine nzito za kulimia zilizama humo. Mwaka 1904 Benjamin Holt alijaribu kuondoa magurudumu ya nyuma ya mashine yake na kuweka mahali pake minyororo mipana, ili uzito utawanyike juu ya ardhi. Ikapita bila kuzama. Mwaka 1925 kampuni yake iliungana na nyingine ikawa kampuni ya Caterpillar. Na matingatinga yenye minyororo ambayo mjomba huyatengeneza huko Kolwezi ni wa ukoo huo huo.

Vilipokuja Vita Kuu vya Kwanza, majeshi yalikwama matopeni mbele ya seng'enge. Waingereza wakaona kwamba minyororo ya trekta ingeweza kuvuka mahandaki. Kampuni iliyounda kifaru cha kwanza cha majaribio, mwaka 1915, ilikuwa kampuni ya mashine za kilimo katika mji wa Lincoln. Ili siri isivuje, wafanyakazi waliambiwa kwamba wanatengeneza matangi ya maji. Ndiyo maana Waingereza wangali wakikiita kifaru kwa jina la tangi. Tarehe 15 Septemba 1916, huko Somme nchini Ufaransa, vifaru viliingia vitani kwa mara ya kwanza. Hivyo chombo kilichobuniwa ili watu wapate chakula kiligeuzwa kuwa chombo cha kuua.

Hapo babu aliguna, mama akatikisa kichwa. Tukaendelea.

Baada ya Vita Kuu ya Pili palikuwa na vifaru vingi visivyo na kazi, na Uingereza ilikuwa na upungufu mkubwa wa mafuta ya kula. Serikali yake ikaazimia kulima karanga nyingi sana katika Tanganyika, ikaanza mwaka 1947 huko Kongwa, sehemu za Dodoma. Pori lilipaswa kufyekwa, na matrekta hayakutosha. Basi kampuni ya Vickers ikachukua vifaru vya Sherman, hivi hivi kama cha kijana huyu, ikaviondoa vichwa na mizinga, ikavifanya matrekta. Wakayaita Shervick, jina lililounganishwa kutoka Sherman na Vickers. Yakapelekwa Kongwa kung'oa miti.

Tulipofika hapo tulidhani habari yetu imekwisha vizuri, maana kila Mkristo amesikia kanisani unabii wa Isaya juu ya silaha zitakazofuliwa kuwa vyombo vya shamba. Lakini mama, ambaye hulima mahindi na mihogo kila mwaka, alituuliza swali tusilolitazamia:

«Na karanga, walizipata?»

Ilitubidi kusema kweli. Hawakuzipata. Mizizi ya pori ilivunja mashine, mvua zilikuwa haba, na udongo wa Kongwa wakati wa kiangazi ulikauka ukawa mgumu kama tofali. Mamilioni ya pauni yalipotea. Januari 1951 mpango wote ukaachwa.

Babu alicheka mpaka akakohoa. Mama hakucheka. Alisema: «Basi kukiondoa kifaru mzinga hakutoshi. Sharti pia mtu aijue ardhi, na awaulize wenyeji wake.» Kisha akamgeukia mwanawe: «Kilete hicho kitu chako. Kichwa chake chaondoka?»

KICHWA KISICHOTIWA GUNDI

Wale waliowahi kuunda mifano ya vifaru wanajua jambo hili: kichwa cha juu, kile kibebacho mzinga, hakitiwi gundi. Kina meno mawili madogo chini yake. Unakiingiza katika tundu, unakizungusha kidogo, nacho hukaa. Ukikizungusha tena, chatoka. Kijana alikitoa mbele ya mama yake. Kilichobaki mkononi mwake kilikuwa bodi pana yenye minyororo, kama mashine yoyote ya shambani.

Mama alikitazama. «Hiki naweza kukiona nyumbani,» akasema.

Tuliondoka kesho yake. Tuliporudi Mutshatsha miezi kadhaa baadaye, karibu na Noeli, kifaru kilikuwa kabatini. Mbele yake palikuwa na sahani ya chuma ya kusukumia udongo, iliyokatwa kwa ustadi katika kopo la dagaa na kushikizwa kwa mikono miwili ya waya. Vumbi la Mutshatsha lilikuwa pale pale ubavuni. Nyota nyeupe za jeshi la Marekani, zile karatasi za kubandika kwa maji zilizokuwa zimegeuka manjano kwa uzee, kijana hakuzibandika. Alitueleza kwamba amezianika dirishani juani ziwe nyeupe tena, lakini hajaamua.

Tukauliza: na kichwa kiko wapi? Mama akafungua kikopo chake cha vifungo na sindano, akatuonyesha. Kichwa kimo humo, pamoja na mzinga wake. Hakukitupa. Babu alimwomba asikitupe. Siku ambazo mzee husimulia wajukuu habari za mwaka 1977, yeye hukiomba, nacho hurudishwa mahali pake, ili watoto wajue anazungumza juu ya kitu gani na wasidhani kwamba vita ni picha juu ya kifuniko cha sanduku. Akimaliza, wanasali kwa ajili ya marehemu, na yule mtoto mchanga hutajwa kwa jina. Kisha kichwa hurudi kikopo cha vifungo.

LA KUZINGATIA

Wazazi wapendwa, hatuandiki haya ili kusema kwamba kila silaha ya kuchezea ni njema. Kuna vitu vya kuchezea visivyomfundisha mtoto kitu ila kuelekeza mtutu kwa mwenzake na kusema «umekufa», naye mwenzake akacheka. Hivyo twaweza kuvikataa bila kusitasita. Lakini mtoto aundaye kitu kwa mikono yake, kwa majuma saba, akakosea, akalia, akarekebisha, huyo yumo katika shule nzuri. Anajifunza kupima, kungoja, kusafisha, kusoma maelezo kabla ya kushika wembe, na kukubali kwamba jeraha alilolitia mwenyewe litaonekana daima kwa mwenye kutazama vizuri. Kazi ya namna hiyo huwafaa wale watakaotengeneza mitambo, kushona nguo, kutibu wagonjwa, na hata kuongoza watu.

Linalobaki ni juu yetu sisi wakubwa. Mtoto hajui kifaru ni nini. Anajua umbo lake tu. Tukinyamaza, picha ya kifunikoni ndiyo itakayomfundisha, nayo haina maiti wala wakimbizi. Tukikataa tu bila kueleza, atakiunda kwa siri na kukipenda zaidi. Nyumba ile ya Mutshatsha ilifanya jambo gumu zaidi kuliko hayo mawili: mama alikataa, babu alisimulia, mjomba alileta asetoni, na kijana alisikiliza. Kila mmoja alitimiza sehemu yake.

Tulipoaga, kijana alitusindikiza hadi barabarani. Tukamuuliza sasa anataka kuunda nini. Alisema mjomba ameahidi kumtafutia sanduku jingine, lakini hajui litakuwa la nini: labda ndege, labda merikebu. Kwa sasa anaunda treni ya waya kwa ajili ya babu yake, yenye mabehewa manne, na taabu yake kubwa ni kuyafanya magurudumu yote yakae katika mstari mmoja.